Hesabu ya Kurudi: Mwongozo wa Kusoma Hali ya Hewa ya Mwisho wa Juma Wakati wa Kipupwe, kwa Manahodha na Marubani wa Mtwara na Lindi

Kuanzia Juni hadi Agosti anga la kusini yetu huwa zuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mvua za msimu, ambazo huku Mtwara na Lindi huanza Novemba na kumalizika Aprili, zimekwisha zamani. Jua ni la upole na usiku mtu hutafuta shuka ya pili. Ndiyo maana miezi hii inahitaji mwongozo wake. Mtu aliyezoea kuogopa wingu jeusi la Machi hutazama juu, akaona samawati tupu, akatweka tanga au akawasha injini, ilhali hatari ya kipupwe haikai juu bali huja ubavuni, nayo ni upepo.

Mwongozo huu nimewaandikia manahodha wa mashua, madau na boti za faiba pamoja na marubani wa ndege ndogo, kwa sababu upepo unaowasumbua ni mmoja na kosa linalowaponza ni moja: kupiga hesabu ya kwenda na kuiacha hesabu ya kurudi. Kusi, yaani upepo wa msimu huu utokao kusini, humpeleka msafiri kaskazini kama aliyebebwa, awe anakwenda Sudi, Lindi, Kilwa au Mafia, kisha humdai nauli yote wakati wa kurejea. Hatua zinaanza Jumatano, kwa kuwa anayeanza kuuliza habari za upepo Jumamosi asubuhi amekwisha kuchelewa.

Upepo wenyewe, kabla ya hatua yoyote

Wakati wa kipupwe hewa nzito hujikusanya kusini mwa Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, jirani na visiwa vya Maskarene, yaani Mauritius, Réunion na Rodrigues. Wataalamu huiita mgandamizo mkubwa wa Maskarene. Hewa hiyo hutiririka kuelekea ikweta na kutufikia ikitoka kusini-mashariki, na mara nyingi kusini hasa. Siku ya kawaida hutupatia upepo wa noti 10 hadi 15, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.85.

Kinachogeuza mambo ni matukio ya mbali zaidi. Kila baada ya siku kadhaa ukanda wa hewa baridi hupita Afrika Kusini, na nyuma yake mgandamizo hupanda na kuisukuma hewa kaskazini kupitia Mlango-Bahari wa Msumbiji. Msukumo huo huchukua siku mbili au tatu kutufikia, na ukifika kusi huvimba hadi noti 20 au 25 kwa siku mbili tatu mfululizo, bila wingu la kutisha wala radi ya kuonya. Tofauti hiyo si ndogo kama tarakimu zinavyoonyesha, kwani nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake: upepo wa noti 21 hulisukuma tanga kwa nguvu karibu maradufu ya upepo wa noti 15.

Juu ya hayo upo mzunguko wa kila siku. Usiku nchi kavu hupoa na umande huvuma kutoka bara, kwa hiyo alfajiri kusi hulegea karibu na ufuko na bahari hulala. Jua likishapanda, tuseme kuanzia saa nne asubuhi, upepo wa baharini huungana na kusi, na kilele chake huwa kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Mvuvi wa Msimbati hahitaji kuambiwa hili, lakini wengi wanaokodi boti kwa matembezi ya Jumamosi hawalijui, nao huondoka saa nne baada ya chai, yaani wakati ule ule bahari inapoamka.

La mwisho ni mkondo. Maji yatokayo mashariki kuvuka bahari hugonga bara karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo mwa mdomo wa Mto Ruvuma, yakagawanyika: sehemu huteremka Msumbiji, na sehemu hupanda kaskazini ikipita mbele ya Mtwara na Lindi mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo huu hupata nguvu, ukafika noti 2 hata zaidi nje ya miamba. Chombo kilichozimika injini saa sita mchana kitakuwa kimechukuliwa maili 12 kaskazini ifikapo saa kumi na mbili jioni, kabla hata upepo haujahesabiwa. Mtu unayemwachia taarifa nchi kavu aambiwe waziwazi kwamba ukichelewa, utafutwe kaskazini ya njia yako.

Jumatano jioni: tazama kusini

Hatua ya kwanza ni kuulizia mgandamizo wa hewa, kwa sababu huo hutangulia upepo. Taarifa za viwanja vya ndege hutolewa wazi duniani kote, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma katika kurasa na programu za hali ya hewa kwa kutumia alama ya kiwanja. Alama nne zinakutosha: FQBR ya Beira, FQPB ya Pemba, HTMT ya Mtwara na HTDA ya Dar es Salaam. Tafuta herufi Q. Tarakimu nne zinazoifuata ni mgandamizo kwa hektopaskali, kwa mfano Q1019.

Ukiona Beira imepanda hektopaskali 4 au 5 tangu jana saa ile ile, huku Dar es Salaam haijasogea, basi tofauti kati ya kusini na kaskazini imekua, na tofauti hiyo ndiyo inayousukuma upepo. Ikiwa siku inayofuata Pemba nayo imepanda, msukumo uko njiani na Jumamosi yako iko mashakani, hata kama Mtwara kumetulia kabisa wakati huo.

Nasema saa ile ile kwa makusudi. Katika nchi zetu za joto mgandamizo hupumua wenyewe mara mbili kwa siku: hupanda hadi karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi karibu saa kumi alasiri, hupanda tena mpaka saa nne usiku, kisha hushuka kuelekea alfajiri. Mshuko huo wa mchana unaweza kufika hektopaskali 3 bila maana yoyote. Mtu akilinganisha asubuhi na alasiri ataona dalili zisizokuwepo. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana.

Onyo moja linastahili aya yake. Pemba ninayoisema ni mji wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Mtwara. Ukiandika neno hilo tupu katika simu, programu nyingi zitakupeleka Pemba ya Zanzibar, kaskazini kabisa, ambako bahari inaweza kuwa shwari siku ambayo kwetu haipitiki. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo Julai moja. Nilisoma upepo wa noti 9, nikafurahi, tukatoka Mikindani kwenda Sudi tukiwa watu watano ndani ya mashua. Kwenda kulikuwa raha tupu. Kurudi tulibisha, yaani tulikwenda upande upande kuukabili upepo, tangu asubuhi hadi giza likaingia, kijana mmoja akichota maji ngamani kwa dumu lililokatwa bila kupumzika, na kila wimbi lililopiga upande wa joshi, ule unaotoka upepo, lilirudisha nusu ya maji aliyoyatoa. Tangu siku ile siandiki jina la mahali. Naandika alama ya kiwanja.

Alhamisi: taarifa ya Mamlaka

Alhamisi ni siku ya kusoma kwa makini taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Taarifa hiyo husambazwa kwa redio, televisheni, mitandao ya kijamii na vikundi vya simu vya wavuvi. Wengi huishia kutazama rangi ya ramani. Rangi ni muhimu: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Hata hivyo, kilicho chini ya rangi kina uzito zaidi, kwa sababu kila taarifa hueleza mambo mawili tofauti, yaani uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Angalizo lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo si sawa na lenye uwezekano mdogo na athari kubwa. La kwanza linakutaka ujiandae kwa usumbufu utakaokuja karibu kwa hakika. La pili linakutaka uwe tayari kuahirisha safari kwa jambo ambalo huenda lisitokee, na hapo ndipo watu hushindwa.

Soma pia jina la eneo. Taarifa husema pwani ya kusini, ikitaja mikoa ya Lindi na Mtwara, au pwani ya kaskazini, au ukanda wote wa pwani. Ikiwa imetajwa kaskazini peke yake na wewe unakwenda Mafia, inakuhusu, kwa kuwa Mafia huhesabiwa pamoja na Mkoa wa Pwani.

Maneno utakayokutana nayo mara nyingi msimu huu ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kilomita 40 kwa saa ni karibu noti 22. Kuhusu mawimbi, kipimo kinachotumika na watabiri si cha wimbi kubwa kuliko yote, bali ni wastani wa theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi. Anayekaa baharini siku nzima katika bahari ya mita 2 atakutana na wimbi moja moja linalokaribia mita 4, na ngalawa huzamishwa na hilo moja. Kama programu yako inaonyesha pia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, zisome kwa uangalifu ule ule: mita 2 kwa sekunde 11 ni kilima kirefu ambacho chombo hupanda na kushuka taratibu, lakini mita 2 kwa sekunde 6 ni ukuta baada ya ukuta, na kusi letu hutoa zaidi aina hii ya pili.

Programu za upepo za simuni nazipenda na ninazitumia, ila sharti ujue zinachoona. Mitambo ya dunia nzima hukokotoa hali ya hewa kwa vipande vya kilomita 9 mpaka zaidi ya 20, kwa hiyo haiioni Rasi ya Msangamkuu, haiuoni mdomo wa Ghuba ya Mikindani, wala hairekebishi upepo unaobanwa kati ya kisiwa na bara. Itumie kujua mwelekeo wa mambo kwa siku tatu zijazo. Mitambo miwili ikikubaliana juu ya Jumamosi, pata imani. Ikitofautiana, panga safari kwa kufuata ule unaosema vibaya.

Ijumaa asubuhi: mwezi na maji

Ijumaa nahodha hutazama mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mchanga na baada ya mwezi mpevu, na katika pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiyakumbuka hayo mawili unaweza kukadiria maji ya siku yoyote bila jedwali, ingawa jedwali la maji la bandarini ni bora zaidi na haligharimu kitu kuliangalia.

Watu wengi huogopa bamvua yenyewe. Mimi naogopa siku tatu au nne kabla yake. Siku ya bamvua maji hupwa alfajiri hadi saa nne, upepo ukiwa bado umelala, nayo hujaa mchana kutwa; anayerudi alasiri huingia ghubani pamoja na maji. Siku tatu nne kabla yake saa bado hazijasogea kufika hapo: maji hujaa karibu saa saba mchana kisha huanza kutoka, yakiwa yameanza kupata nguvu, saa zile zile ambazo kusi liko kileleni. Maji yanayotoka yakikutana na upepo na mawimbi yanayoingia, mawimbi hubanwa, yakafupika, yakasimama na kuvunjika hata penye kina kirefu. Mdomo wa Ruvuma ni mbaya sana katika hali hiyo, kwa sababu mto nao unaongeza maji yake na mafungu ya mchanga huhama. Mlango wa Ghuba ya Lindi, unakomwagika Mto Lukuledi, una tabia inayofanana. Mwisho wa juma ukiangukia siku hizo, ama urudi kabla ya saa saba, ama uvumilie nje hadi maji yatulie, ama usiende.

Ijumaa jioni: hesabu ya kurudi

Chukua karatasi. Nahodha wa tanga aandike kwanza umbali. Mtwara hadi Lindi kwa bahari ni kiasi cha maili 35 hadi 40, na kwa kusi la noti 15 mashua nzuri huimaliza kwa saa saba au nane. Kurudi, chombo cha tanga la pembetatu hakiwezi kuelekea upepo moja kwa moja. Ni lazima kibishe, na kwa kubisha maili hizo huwa 60 au zaidi ndani ya maji, huku mkondo ukikurudisha nyuma kila ukisogea mbali na ufuko. Safari ya kwenda ya siku moja inaweza kuwa safari ya kurudi ya siku mbili. Ndiyo maana mimi hushauri kwamba matembezi ya mwisho wa juma yaanze kwa kwenda kusini, Msimbati kwa mfano, kwa kubisha alfajiri wakati upepo ni mchanga, ili alasiri mkiwa mmechoka kusi liwarudishe nyumbani. Ikiwa hamwezi kufika Msimbati, mtakuwa mmelijua hilo mkiwa karibu na nyumbani.

Mwenye boti ya injini afanye hesabu ile ile kwa mafuta. Kanuni ya theluthi, yaani theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba, haitoshi anayekwenda kaskazini wakati wa kusi. Mimi hugawa kwa robo: robo moja ya kwenda, robo mbili za kurudi, na robo moja haiguswi. Robo ya kwanza ikiisha hamjafika, geuzeni.

Rubani ana hesabu hiyo hiyo angani. Kutoka Mtwara hadi Mafia ni karibu maili 150 za baharini. Ndege inayokwenda noti 120 ingetumia dakika 75 kama hakuna upepo. Kusi la noti 30 kwenye kimo cha futi 3,000, ambalo si la ajabu msimu huu, likiwa nyuma yake litaifikisha kwa dakika 60; likiwa mbele yake litairudisha kwa dakika 100. Jumla ni dakika 160 badala ya 150, na tofauti ya dakika 10 haimshtui mtu. Hatari iko katika mgawanyo wake, kwa sababu aliyefika kwa dakika 60 hujiona ana mafuta mengi, akakubali kupitia kisiwa cha Songo Songo kumchukua abiria mmoja, akasahau kwamba dakika 100 bado hazijaanza kulipwa. Akiba ya dakika 30 inayotakiwa kwa ndege inayoongozwa kwa macho mchana ihesabiwe juu ya mguu wa kurudi, si juu ya wastani wa safari.

Hapa kusi lina siri inayowadanganya marubani wageni. Usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini hujitenga na ile ya juu, kwa hiyo alfajiri mfuko wa upepo unaweza kuning'inia kama nguo iliyoanikwa wakati kwenye futi 2,000 upepo unakwenda noti 25 hadi 35. Ndege inayopanda hukutana na mabadiliko hayo kwa ghafla. Soma utabiri wa upepo wa vimo, usitosheke na wa ardhini.

Halafu soma taarifa ya kiwanja. Tuchukue mfano wa kufundishia: HTMT 180600Z 17016G26KT 9999 SCT022 25/18 Q1019. Tarakimu 18 ni tarehe, na 0600Z ni saa ya dunia. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo sijaikuta ikifundishwa, lakini haijawahi kunipotosha: mchana, toa 3 kutoka saa ya dunia utapata saa yetu. Saa 0600Z ni saa tatu asubuhi, 0900Z ni saa sita mchana, 1200Z ni saa tisa alasiri. Upepo unatoka digrii 170, unakwenda noti 16 na kurusha mapigo ya noti 26. Uwezo wa kuona ni kilomita 10 au zaidi, mawingu yametawanyika kwenye futi 2,200, joto ni nyuzi 25, na mgandamizo ni 1019.

Upepo wa ubavuni ukokotolewe kwa mapigo, si kwa wastani. Upepo ukipishana na njia ya kurukia kwa digrii 30, chukua nusu yake. Kwa digrii 45, chukua sehemu 7 kati ya 10. Kwa digrii 60, chukua karibu sehemu 9 kati ya 10. Mapigo ya noti 26 kwa digrii 30 ni noti 13, ambazo Cessna 172 inazimudu, kwa kuwa kitabu chake kinataja noti 15 zilizothibitishwa. Kwa digrii 60 ni noti 23, na hapo hakuna mjadala, hasa katika viwanja vya changarawe ambavyo vina njia moja tu.

Wingu la futi 2,200 nalo lisomwe pamoja na ardhi. Uwanda wa Makonde hupanda hadi karibu mita 900, yaani futi 3,000 hivi, kwa hiyo wingu linaloelea vizuri juu ya Mtwara ni ukungu kwa mtu wa Newala. Hewa ya kusi imebeba unyevu wa bahari, na ikisukumwa kupanda uwanda hupoa na kufunga, zaidi asubuhi. Anayeruka kwa macho hudai kilomita 5 za kuona, mita 1,500 kutoka wingu kwa ubavu na mita 300 kwa juu au chini. Kama masharti hayo hayatimii upande wa uwanda, ama subiri mpaka saa nne au saa tano jua lilivunje wingu, ama fuata pwani. Kuanzia Agosti ongeza moshi wa mashamba yanayochomwa bara, ambao hupunguza uwezo wa kuona kuelekea Masasi na Nachingwea hata pasipo wingu.

Kuhusu vimbunga sina mengi ya kusema msimu huu. Kenneth ilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya ilitufikia mwanzoni mwa Mei 2024. Bahari ya Juni hadi Agosti ni ya baridi mno kuvilea.

Jumamosi alfajiri: macho yako

Hadi hapa umesoma karatasi na vioo. Jumamosi nenda ufukweni kabla ya jua, ambalo kipupwe huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, na usimame pahali panapoona nje ya ghuba. Ghuba ya Mtwara inakingwa na Rasi ya Msangamkuu dhidi ya kusi, kwa hiyo maji ya Shangani huwa kama kioo siku ambayo nje kumechafuka. Kosa la kuipima bahari kwa maji ya ndani limewagharimu wengi.

Nakumbuka alfajiri moja karibu na feri ya Msangamkuu, nikiwa nimekwisha kupakia. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka?"

"Natoka, baba. Maji yamelala leo."

Hakubisha. Alinyoosha kidevu kuelekea mdomo wa ghuba, akasema, "Hebu tazama pale bahari inapokutana na mbingu. Ule mstari umenyooka?"

Nilitazama. Mstari ulikuwa na meno, ukipanda na kushuka kama makali ya msumeno, jambo ambalo halionekani mpaka uambiwe. Yale yalikuwa mawimbi ya nje, maili kadhaa mbali, marefu kiasi cha kuvunja upeo wa macho. Nilishusha mizigo. Ifikapo saa tano boti mbili zilizotangulia zilikuwa zimegeuza.

Basi tazama mstari huo kwanza. Kisha tazama povu: bahari ikianza kuonyesha vichwa vyeupe hapa na pale, upepo umefika noti 12 hivi, vikienea kila mahali na upepo ukirusha manyunyu, umevuka 17. Ukiona hali hiyo ya pili kabla ya saa mbili asubuhi, futa safari, maana upepo utaongezeka, hautapungua. Rubani atazame mfuko wa upepo, ambao kwa kawaida hunyooka mlalo kabisa kwenye noti 15 hivi, na azitazame pia kingo za mawingu madogo juu ya bahari: yakikimbia huku mfuko umelegea, ile hewa ya kasi iko juu inakungoja.

Mkiamua kutoka, kila mtu avae jaketi okozi tangu ufukweni, redio iwe kwenye chaneli ya 16 kwa walio nayo, na simu ziingizwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwachieni mtu wa nchi kavu, au kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya kijiji, saa ya kutoka, njia, idadi ya watu na saa ya kurudi.

Jumapili: saa ya kugeuza

Saa ya kugeuza huandikwa Ijumaa, wakati hakuna anayefurahi wala kuchoka, na Jumapili hutekelezwa tu. Kwa nahodha anayerudi kusini saa hiyo ni alfajiri: ondoka na umande, shika karibu na ufuko ambako mkondo ni dhaifu, na uwe umeipita sehemu iliyo wazi zaidi ya njia yako kabla ya saa nne. Upepo ukiwahi, ingia Mchinga, Sudi au Mikindani, tia nanga, ungoja alfajiri ya Jumatatu. Kazi ya Jumatatu itasubiri, na mwajiri aelezwe kwa simu.

Kwa rubani, kipimo ni jua. Kipupwe jua letu huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na giza huingia ndani ya dakika 20 au 25. Kwa mguu wa dakika 100, pamoja na akiba ya dakika 30, gurudumu liwe limeacha ardhi ya Mafia saa tisa na nusu alasiri, na ikifika saa kumi bado abiria hawajatokea, lala huko.

Ukifika, fungua daftari kabla hujaosha chumvi mikononi. Andika mgandamizo wa Beira, Pemba na Mtwara kama ulivyokuwa Jumatano saa nne, upepo uliotabiriwa, upepo ulioukuta, siku ya mwezi, na hali ya mdomo wa ghuba saa uliyoupita.